Usitupe hiyo laptopu: Kusini mwa Pwani tunahitaji maskani ya Linux

Hebu tuambiane ukweli. Vijana wengi wa Ukunda, Diani na Msambweni hawana shida ya kompyuta. Wana shida ya mtu wa kumuuliza kuhusu kompyuta. Hizo ni shida mbili tofauti, na sisi tumezoea kutibu ile ya kwanza peke yake. Mashine zinanunuliwa, mheshimiwa anakata utepe, picha zinapigwa, halafu baada ya miezi sita zimefunikwa kitambaa kwenye kona kwa sababu zimekuwa nzito na hakuna anayejua kwa nini.

Na sasa jambo lenyewe limepata tarehe. Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Wakaongeza mwaka mmoja kwa watumiaji wa kawaida wanaojiandikisha, hadi Oktoba 2026, na baada ya hapo kila mtu ajijue. Ukitaka kuhamia Windows 11, masharti ni kama ya mganga: mashine iwe na chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na prosesa iwe ya karibuni. Kwa Intel, maana yake ni kizazi cha nane kwenda mbele, yaani mashine zilizoanza kutoka kiwandani mwishoni mwa 2017.

Sasa igeuze laptopu yako uangalie kile kibandiko. Mitaa yetu imejaa HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad za mtumba, kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Zilifanya kazi katika ofisi za Ulaya miaka mitatu minne, zikapakiwa kwenye kontena, zikavuka feri ya Likoni, zikafika kwetu. Kibodi iko sawa, skrini iko sawa, bawaba ni imara kuliko za laptopu nyingi mpya za bei rahisi. Lakini kwa hesabu za watu walio mbali, hiyo ni takataka.

Mimi nasema si takataka. Dawa yake ipo, ni ya bure, na inaitwa Linux. Ila dawa hiyo haitaingia Kwale kwa matangazo wala kwa semina ya hotelini yenye chai na sambusa. Itaingia siku vijana wanaoijua watakapoacha kujifungia vyumbani, wakatoka, wakaketi mahali pamoja mara moja kwa mwezi, na kumsaidia yeyote anayekuja na mashine kwapani. Maskani, kwa Kiswahili chetu.

KWA WASIOIJUA

Linux ni nini? Fupi tu. Ni mfumo wa kuendesha kompyuta, kama Windows ilivyo, ila msimbo wake uko wazi: mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuugawa. Ulianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akiwa na miaka 21. Kiini chake ndicho kinachoendesha simu yako ya Android. Kimo ndani ya ruta nyingi za waifai na mashine nyingi za kamera za ulinzi. Tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 kwenye ile orodha ya mashine zenye nguvu zaidi duniani zinatumia Linux. Kwa hivyo anayekuambia ni mchezo wa watoto, muache alale.

Kuna Linux za aina nyingi. Linux Mint inafanana na Windows kiasi kwamba mama mwenye saiba hatababaika. Lubuntu na MX Linux ni nyepesi, zinafaa mashine kongwe. Debian ni ile ya watu wasiopenda mshangao. Zote unazipata bila kulipa shilingi, bila kuiba, bila ile programu ya kuvunja kufuli ambayo mara nyingi huja na virusi vyake mfukoni.

MAARIFA HAYAJAVUKA FERI

Si kweli kwamba jambo hili ni geni kwetu watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kufanyia hesabu iliyozungumza Kiswahili. Kuanzia 2005 hadi 2011, wenye Ubuntu walikuwa wakituma CD zake kwa posta bila malipo. Wewe kazi yako ilikuwa kuandika anwani. Februari 2006 Nairobi iliandaa Idlelo, kongamano la Afrika la programu huria. Mkenya Dorcas Muthoni alikuwa miongoni mwa waliosimamisha LinuxChix barani Afrika, kundi la wanawake wa teknolojia linaloitwa sasa AfChix. Mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, Ushahidi ilitengenezwa hapa Kenya, msimbo wake ukaachwa wazi, na miaka miwili baadaye ikatumika kule Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Kibera, taasisi ya Tunapanda imefundisha vijana kwa kompyuta za Linux na kuwajengea wakazi mtandao wao wenyewe. Mombasa, Swahilipot imewapa vijana mahali pa kukutana, kando ya bahari, hatua chache tu kutoka Fort Jesus.

Iangalie orodha hiyo. Dar, Nairobi, Kibera, Mombasa. Ukivuka Likoni, orodha inakatika.

Sisemi kusini hakuna wanaojua. Wapo, na ninawafahamu kadhaa. Kuna jamaa anauza vifuniko vya simu Ukunda, lakini nyumbani ana ThinkPad yenye Debian anayoichunga kama mboni ya jicho. Kuna mwalimu wa shule ya msingi aliyefufua kompyuta nne za ofisi kwa Lubuntu. Kuna fundi Msambweni aliyejifunza kila kitu kwa video za usiku, akitumia bando la usiku kwa sababu la mchana humshinda. Kila mmoja anajua kitu ambacho mwenzake hajui, na hawajuani. Maarifa yapo, lakini yamekaa kama visima vitatu vilivyochimbwa katika boma moja, kila mtu anakunywa cha kwake.

Utasema si waende tu Mombasa? Kutoka Msambweni hadi Likoni ni kama kilomita 50. Lipa matatu, subiri feri, panda matatu nyingine, urudi hivyo hivyo. Kwa mtu wa Lunga Lunga au Kinango ndiyo hadithi ndefu zaidi. Ile nauli ni mshahara wa siku kwa kijana anayebeba mawe ya ujenzi. Na mkutano ukipangwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni, binti wa kwetu ameshaondolewa kwenye orodha kabla hajaalikwa, manake magharibi anatakiwa awe nyumbani.

USHAURI WA VIFAA UNATAKA MIKONO

Kijana akiuliza kwa simu "ninunue laptopu gani?" anapata majibu ishirini, na kumi na tisa ni mashine za laki moja. Swali lenyewe linataka mtu aishike mashine. Tena kuna kichekesho kimoja ambacho wageni wengi wa Linux hukutana nacho: waifai imegoma, na maelezo ya kurekebisha waifai yako mtandaoni. Wengi huachana na Linux saa hiyo hiyo. Na jirani anayejua angemaliza mambo kwa dakika kumi: chomeka simu kwa waya wa USB, washa intaneti ya simu, mashine ivute draiva yake, kwisha.

Haya ndiyo mambo ambayo maskani ingemfundisha kijana kabla hajatoa pesa mfukoni.

Kwanza, baiosi. Washa mashine huku ukibonyeza F1 kama ni ThinkPad, F10 kama ni HP, F2 kama ni Dell. Ikikuomba neno la siri hapo, irudishe mezani uage kwa heshima. Ilitoka kwenye ofisi ya watu na kufuli lao limekuja nayo. Usidanganywe ati "fundi atatoa". Kwa baadhi ya ThinkPad, kulitoa ni kazi ya kuchokoa chipu kwenye bodi kubwa, na wengi wanaojaribu huzika mashine.

Pili, RAM. Uliza kama imechomekwa au imelehemewa. ThinkPad T430 ina nafasi mbili, unaongeza unavyotaka. ThinkPad X1 Carbon ni nzuri, nyembamba, inapendeza kwenye picha, lakini RAM yake imelehemewa. Ukinunua ya GB 4, mtazeeka pamoja. Hili ni zito sasa kuliko zamani, manake tangu mwisho wa 2025 bei ya RAM imepanda dunia nzima, vituo vya data vya akili unde vikizigombania. GB 4 inatosha kuandika na kufungua kurasa mbili tatu ukiwa na Lubuntu. GB 8 ndiyo starehe. Na ujue kinachokula RAM siku hizi ni kivinjari, usiisingizie Linux.

Tatu, diski. Laptopu nyingi zinazoitwa "nzito" zina ile diski ya zamani inayozunguka. Ukiitoa na kuweka SSD, utadhani umenunua mashine nyingine. Mtu mwenye pesa ya kitu kimoja tu, na tayari ana RAM ya GB 4, aanze na SSD.

Nne, kadi ya waifai. Za Intel kwa kawaida huelewana na Linux bila maneno. Baadhi ya Broadcom husumbua mpaka upate draiva yake. Usikimbilie kubadilisha kadi, kwa sababu ThinkPad za miaka ya 2012 hukataa kadi ambayo Lenovo haikuiorodhesha. Kuna amri moja, lspci, inayokutajia kadi uliyo nayo. Andika jina lake, kisha ndiyo uulize.

Tano, betri. Linux inaweza kukuonyesha betri ilitoka kiwandani na uwezo gani na leo imebaki na kiasi gani. Muuzaji anasema "inakaa masaa manne, bro". Mashine inasema imebaki asilimia 38. Amini mashine.

Sita, na hii ni ya kwetu sisi watu wa bahari: chumvi. Video nyingi zinatengenezwa na watu wanaoishi mbali na upepo wa kaskazi. Laptopu iliyokaa miaka miwili kwenye baraza la nyumba ya ufuoni, chungulia matundu ya USB na ya chaja. Ukiona ukijani, au weupe kama unga, jua ndani ni hivyo hivyo. Feni ifunguliwe, ipigwe brashi, prosesa ipakwe upya ile dawa ya kupitisha joto. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, usivitupe; vitie kwenye begi la laptopu.

Lakini kama unataka kukumbuka kitu kimoja tu katika haya yote, kumbuka flashi. Flashi ya GB 8 yenye Linux Mint inaweza kuwasha laptopu bila kugusa chochote kilichomo ndani yake. Nenda nayo dukani. Mwombe muuzaji dakika tano. Waifai inashika? Sauti inatoka? Kamera inaona? Ukifunga kifuniko na kukifungua, inaamka? Muuzaji akikataa usijaribu, hilo nalo ni jibu.

Na tusidanganyane, si kila mashine inaokoka. Vile vilaptopu vidogo vya zamani vya biti 32 vinafungiwa mlango taratibu hata na Linux yenyewe. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haiwekwi tena kwenye mashine za aina hiyo. Mshauri wa kweli atakuambia "hii basi, mwanangu, toa diski uokoe picha zako, mengine tuvune vipuri". Hiyo pia ni huduma.

WENYE LINUX NAO WAJIREKEBISHE

Sasa niwageukie wenzangu. Jamani, tumekuwa watu wa kujigamba. Mgeni anauliza kwa nini printa haichapishi, sisi tunabishana kama Arch ni bora kuliko Fedora. Tunapamba skrini kwa herufi za kijani kama sinema za wezi wa benki, tunapiga picha, tunajisifu. Mtu akiuliza swali rahisi tunamwambia akasome mwongozo, na mwongozo wenyewe uko kwa Kiingereza cha mhandisi. Halafu tunashangaa kwa nini tumebaki watano.

Kuuliza si ujinga, hilo tumefundishwa tangu chekechea. Ila tumeweka desturi ambapo anayeuliza anatoka akijihisi mjinga. Fundi yule wa Msambweni namheshimu kwa jambo moja: anamweleza bibi mwenye duka mambo ya diski kwa Kidigo, akilinganisha na ghala la mahindi, na bibi anaelewa. Kama hujui kueleza kitu kwa lugha ya jirani yako, bado hujakijua vizuri.

Na tuache kumbadilishia mtu mfumo bila idhini. Nimeona kijana akimwekea dada wa watu Linux "kumsaidia", na kumbe kazi yake ya saluni yote ilikuwa kwenye programu ya hesabu inayotaka Windows. Siku mbili dada hajui anamdai nani. Kwanza uliza mtu anafanya kazi gani. Pili nakili faili zake kwenye diski nyingine. Tatu mwonyeshe kwa flashi aone mwenyewe. Akisema hataki, mpe chai, mtakutana tena.

MAJIBU KWA WANAOBISHA

"Je, Photoshop?" Haiji kwenye Linux, na AutoCAD pia. Mpiga picha wa harusi anayekula kwa Photoshop abaki alipo, sina ugomvi naye. Anayeanza, mwenye mashine hafifu na mfuko mtupu, ajaribu GIMP, Inkscape na Kdenlive, zote za bure, na atakula hatua kubwa kabla hajahitaji kulipia chochote. Kwa barua na hesabu kuna LibreOffice. Inafungua faili za Word, ingawa mara nyingine mpangilio unayumba, kwa hivyo barua ya kuomba kazi itume kama PDF. Mambo ya eCitizen, KRA na HELB yanapitia kivinjari, na kivinjari ni kile kile.

"Mnawanyima mafundi riziki." Hili nalichukulia kwa uzito, manake fundi wa Ukunda analisha familia kwa kuweka Windows. Lakini angalia: bure ni programu, jasho si bure. Kubadilisha diski, kusafisha feni, kuhamisha faili, kumfundisha mteja siku ya kwanza, hiyo yote ni kazi ya kulipwa. Fundi aliye na njia mbili za kuifufua mashine ana wateja wengi kuliko mwenye njia moja. Ndiyo maana nataka mafundi wawe watu wa kwanza kualikwa, wakae mbele, wasifichwe kama wapinzani.

"Vijana wa Kwale wanataka kazi, hawataki Linux." Sawa. Mgodi wa Base Titanium ulimaliza uchimbaji Desemba 2024, na waliokuwa wakiutegemea tunawajua kwa majina. Hoteli za Diani zinaajiri msimu, na mvua za masika zikianza watu wanarudishwa nyumbani. Tangu 2016 serikali inatuambia kupitia Ajira Digital kwamba kazi ziko mtandaoni. Basi nauliza: tutazifanya kwa mashine gani? Mpango wowote wa kazi za mtandao ambao hauzungumzii laptopu ya mtumba ya kizazi cha tano ni mpango wa watu wengine.

Siahidi kwamba Linux itakupa kazi. Naahidi kwamba utakuwa na mashine inayowaka asubuhi. Tena hoteli zile zile zina ruta, zina kamera, zina tovuti, na nyuma ya vifaa hivyo mara nyingi kuna Linux. Kikiharibika kitu, mara nyingi anaitwa mtu kutoka ng'ambo ya feri, analipwa, analipiwa na nauli. Mtu huyo angeweza kutoka Mwabungo.

Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda, sioni haya kusema. Nilipokuwa huko, maabara ilifunguliwa kwa ratiba, watu watatu mashine moja, na anayeshika kipanya ni aliyewahi kuketi. Hakuna aliyewahi kuturuhusu kufungua mashine tuone ndani. Ninachokijua leo kuhusu kompyuta nimekipata kwenye meza ya mbao, na watu wengine, bisibisi mkononi. Sidharau chuo; anayeweza amalize. Lakini kaunti yenye vijana wengi walioishia nusu ya njia kama mimi haiwezi kungoja chuo peke yake kifundishe watu.

MASKANI YENYEWE IWEJE

Haihitaji mfadhili. Uholanzi mwaka 2009, pale Amsterdam, mwandishi wa habari Martine Postma alianzisha kitu wanachokiita Repair Café: watu wanaleta vitu vilivyoharibika, wenye ujuzi wanakaa nao, wanarekebisha pamoja wakinywa kahawa. Wazo likaenea nchi nyingi. Sisi watu wa pwani kukaa pamoja kwenye kahawa tungu tulikuwa tukijua kabla ya Amsterdam kujua. Kilichobaki ni kuleta bisibisi.

Mahali: darasa la shule Jumamosi, ukumbi wa kijiji, chuo cha ufundi cha kaunti, hata hoteli ndogo ya chakula iliyo na soketi tatu zinazofanya kazi. Leo Ukunda, mwezi ujao Msambweni, unaofuata Kinango au Lunga Lunga. Anayehama awe mwenye ujuzi, aliye na shida asafiri kidogo.

Saa: kuanzia saa tatu asubuhi mpaka alasiri. Mchana kweupe, mahali pa heshima, ili mzazi asipate neno. Na mwenye kushika bisibisi asiwe mvulana kila mara. AfChix ilianza kwa sababu wanawake walichoka kuketi nyuma kwenye vikao vya wanaume; tusirudie hadithi ile ile miaka ishirini baadaye.

Vifaa: flashi tano zenye Mint, Lubuntu na Debian, zilizopakuliwa mara moja na mtu mwenye waifai nzuri, zikazunguka kwa wote ili bando la mtu lisiungue. Diski ya nje ya kunakilia faili. Bisibisi ndogo, brashi, kebo ya ziada. Na daftari. Hilo daftari ndilo mali. Kila mashine inayopita mezani iandikwe: jina, prosesa, kadi ya waifai, nini kilikubali, nini kiligoma, tulitatua vipi. Kwa Kiswahili. Baada ya mwaka tutakuwa na mwongozo wa laptopu za Kwale ambao hakuna mtu Ulaya anayeweza kuuandika, manake haujui upepo wetu wala stima yetu inayokatika na kurudi kwa hasira.

Shule zije pia. Mashine zile zilizofunikwa vitambaa, nyingi zinaweza kuwekewa Kolibri au Kiwix, zikabeba masomo na Wikipedia ya Kiswahili nzima bila intaneti. Mtoto wa Kinango asome kuhusu volkano bila mwalimu kununua bando. Hiyo ni kazi ya Jumamosi moja, nasema kwa kuwa nimeona ikifanyika.

Wazee wetu walituusia, usiache mbachao kwa msala upitao. Huo mkeka mkuukuu tunao. Tarehe nayo ipo: kila mwaka, Jumamosi ya tatu ya Septemba, duniani kote huadhimishwa siku ya programu huria. Sioni kwa nini mwaka huu isiadhimishwe Ukunda, kwa meza nne na viti ishirini, mwezi mmoja kabla Windows 10 haijamaliza hata ule muda wa nyongeza.

Wewe uliye na ThinkPad chumbani Diani, na wewe mwalimu, na wewe fundi wa Msambweni: tafutaneni wiki hii. Anzeni hata mkiwa watatu. Mwenye laptopu nzito atakuja, nawahakikishia. Mwambieni tu asije mikono mitupu: aje na chaja yake.